Watoto: Hakuna

Bomba lilikohoa gizani.

Lilikohoa tena, likaguna, kisha likatema hewa kavu kama mtu aliyetaka kusema neno akaghairi. Mama Kidoti alikuwa macho tangu zamani. Alitega sikio: ni maji kweli, au kiherehere cha bomba tu? Aliposikia tone la kwanza likigonga saruji alitoka kitandani kama aliyeitwa, akaenda kutega ndoo.

"Wewe mwanamke," mumewe alisema kutoka chini ya shuka, "maji yatakuja hata ukilala."

"Yatakuja yamwagike."

"Yamwagike basi. Leo una siku kubwa. Njoo ujinyooshe kidogo, kunakaribia kucha."

Angejinyooshaje? Usingizi ni wa mtu ambaye maneno yake yametulia, na yake yalikuwa yanazunguka kichwani kama watoto waliofungiwa ndani siku ya mvua. Alisimama pale kando ya ndoo, miguu mitupu, akiyanong'ona moja moja: Jina. Rangi. Upana. Mzazi. Watoto. Alikuwa ameyapanga mwenyewe, ameyapenda mwenyewe, na leo asubuhi mtu asiyemjua angekuja kukaa mbele ya kompyuta na kuyasoma.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kampuni ndogo iliyomwajiri kwa majaribio, chumba kimoja tu juu ya duka la rangi, ilikuwa imetengeneza mahali kwenye intaneti ambapo mwenye biashara yoyote angeweza kujijengea ukurasa wake bila kumlipa fundi. Unavuta kisanduku, unakiweka. Unavuta picha, unaiweka. Ukikibofya kitu chochote ulichokiweka, upande wa kulia wa skrini inafunguka paneli nyembamba inayokueleza habari zake zote: kinaitwaje, kina rangi gani, upana gani, kimewekwa ndani ya nini na ndani yake kuna nini. Unabadilisha pale kwenye paneli, na kitu chenyewe kinabadilika hapo hapo ukikiona. Mkuu wa kampuni alikuwa na msemo wake: "Ukurasa ni mwili, paneli ndiyo mkono." Tatizo lilikuwa kwamba mkono huo ulizungumza Kiingereza peke yake, na wateja wengi walikuwa wakiufungua, wanaukodolea macho, wanaufunga. Ndipo Mama Kidoti akachukuliwa aufundishe Kiswahili.

Kompyuta aliisomea kwenye madarasa ya jioni, Kidoti akiwa bado mchanga, amelala kwenye blanketi chini ya dawati. Mwalimu wa jioni aliwafundisha kwamba kila ukurasa ni ukoo. Kilichobeba kingine ni mzazi, kilichobebwa ni mtoto, na mtoto hurithi rangi na maandishi ya mzazi wake mpaka atakapopewa yake. Wanafunzi wenzake waliandika tu. Yeye alimtazama yule aliyelala miguuni pake, akafikiri: kumbe hata mashine inajua. Tangu siku hiyo aliacha kuiogopa. Kwa hiyo alipopewa paneli aitafsiri, maneno yale ndiyo yaliyomjia kwanza, na aliyaandika kwa mkono mwepesi na moyo mweupe.

Leo majaribio yake yanafika mwisho. Mteja wa kwanza akiweza kujenga ukurasa kwa paneli ya Kiswahili bila kushikwa mkono, Mama Kidoti anabaki. Asipoweza, paneli inarudi Kiingereza chake, naye anarudi nyumbani. Mkuu hakulificha hilo.

Ndoo ilijaa ikafurika, akawa hajaona.

"Si nilikwambia?" mumewe akasema. "Yamemwagika na wewe umesimama hapo hapo."

*

Mteja alitangulia kusikika kabla ya kuonekana. Ngazi za chuma zilipiga kelele, kisha sauti: "Hizi ngazi mlizijenga kwa ajili ya paka au watu?"

Aliingia mwanamke wa makamo, mnene wa kustarehesha, mkoba kwapani, kijasho juu ya mdomo. Biashara yake ilikuwa kukodisha viti, meza na maturubai kwa wenye shughuli, na watu wote walimwita Mama Viti. Jina hilo hilo lilikuwa kwenye lori lake na kwenye fulana za vijana wake.

"Karibu, mama," Mkuu akasema, akimvutia kiti.

Mama Viti alikikagua kiti kabla ya kukikalia, akakitikisa mgongo. "Hiki kina miezi miwili ya kuishi. Ukitaka vingine, namba yangu unayo."

Kila mtu alicheka, hata Kesho. Kesho alikuwa mwandishi wa programu wa ofisi, kijana mrefu aliyeishi ndani ya spika za masikioni, jina hilo alipewa kwa sababu kila alichoombwa alijibu "kesho." Mama Kidoti naye alicheka. Alisimama nyuma ya kiti cha mgeni, mikono imefungwa mgongoni isije ikanyoosha kidole. Masharti yalikuwa hayo: asimsaidie.

Mwanzo ulikwenda vizuri mno. Mama Viti alivuta kisanduku cheupe kwenye ukurasa, akakibofya, paneli ikafunguka. Juu kabisa pameandikwa "Sifa."

"Sifa!" Akageuka kuwatazama. "Kisanduku hata hakijafanya kazi, kishapewa sifa? Mimi nimehangaika na viti maisha yangu yote sijasifiwa hata na jirani."

"Ni habari zake tu, mama," Mkuu akasema. "Kikoje koje."

"Nimeelewa, baba. Nacheka tu." Akashuka mstari wa pili. "Rangi: imerithiwa kutoka kwa mzazi. He! Kisanduku kina bahati hiki. Mimi sikurithi hata kijiko." Akabadilisha rangi ikawa kijani, kisanduku kikawa kijani, akapiga kofi. "Angalia! Kimekataa urithi!"

Mkuu alimkonyeza Mama Kidoti. Mama Kidoti akaruhusu pumzi itoke kidogo. Wiki iliyopita walikuwa wameshatoa neno baya kuliko yote. Kulikuwa na kitufe cha kusafisha vitu vilivyobaki bila mahali, nacho kilikuwa kimeandikwa "Futa yatima wote." Kesho alipokiona alicheka mpaka spika zikamtoka masikioni, Mkuu alisema wakikiachia hicho watafungwa. Wakakibadilisha. Na kwa kuwa lile chafu la wazi wameliokota, wakaamini nyumba imefagiliwa.

"Sasa nikipe jina," Mama Viti akasema. Akaandika kwa kidole kimoja, polepole, herufi baada ya herufi: Mama Viti. Akabonyeza. Paneli ikajipanga upya, kwa maandishi safi, makubwa, aliyoyachagua Mama Kidoti mwenyewe ili yasomeke na macho yoyote:

Jina: Mama Viti.
Mzazi: Ukurasa.
Watoto: Hakuna.

Mama Viti aliinama karibu na skrini.

Kidole chake kilibaki hewani juu ya kipanya. Ofisi ilingoja kichekesho kinachofuata. Hakikuja. Alisoma tena, midomo ikitembea kidogo, kisha akaurudisha mkoba kwapani, akasimama.

"Kuna nini, mama?" Mkuu akauliza. "Imekwama?"

"Haijakwama. Inasema vizuri sana." Sauti ilikuwa imekauka. "Nilikuja kutengeneza ukurasa wa viti. Sikuja kusemwa."

Akatoka. Ngazi zikalia chini yake hatua kwa hatua.

"Kafanywa nini?" Kesho akauliza, akivua spika. "Nani kamsema?"

Mama Kidoti aliitazama skrini. Alilisoma lile jina na ule mstari wa tatu chini yake, safari hii kama mtu anayesoma kuhusu mtu. Akakimbia.

Alimkuta kwenye kona ya mwisho ya ngazi, amesimama, ameshika chuma, anahema.

"Mama, nisamehe. Yale maneno ni yangu. Mimi ndiye niliyeyaandika."

Mama Viti alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Wewe?"

"Mimi. Si habari zako, mama. Ni za kisanduku. Maana yake hakuna kitu ndani ya..." Akajisikia anavyosema, akanyamaza katikati. Alikuwa anazidi kukichimba kidonda.

"Unajua jina la Mama Viti lilitoka wapi?" Mama Viti akauliza, bila hasira, na hilo ndilo lilikuwa gumu zaidi. "Wifi zangu. 'Mwenzetu amezaa viti.' Walisema jikoni, nikawasikia. Nikaona sawa. Nikalichukua jina, nikalipaka kwenye lori, leo wao ndio wanaokuja kuomba punguzo. Nilishamaliza na maneno hayo, binti yangu. Nilishayamaliza. Halafu mashine inaniandikia kwa herufi kubwa mbele ya vijana."

Mama Kidoti aliinamisha macho kwenye ngazi.

"Una mtoto?"

"Ninaye."

"Basi ndiyo maana hukuona," Mama Viti akasema, akateremka, akafungua mlango wa chini, mwanga ukamchukua.

*

Juu, Mkuu alikuwa anaizunguka meza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye haraka, na haraka ikishika mtu humfanya aonekane mbaya.

"Sikulaumu," alisema, akimaanisha kwamba anamlaumu. "Lakini fikiria. Kiingereza hakimtukani mtu kwa sababu hawakielewi. Hiki wamekielewa mno. Jioni nikifunga ofisi nairudisha paneli ya zamani. Na wewe... tutaona."

"Tutaona" ni neno Mama Kidoti alilolijua vizuri. Ndilo yeye mwenyewe alilomwambia Kidoti kila alipoomba baiskeli.

"Nipe mpaka jioni," akasema.

"Mteja kaondoka."

"Najua anakopatikana. Nipe mpaka jioni, Mkuu. Nikishindwa nitakushukuru na nitaondoka mwenyewe."

Mkuu akatazama dirisha, akatazama simu, akainua mabega. Kwake hiyo ilikuwa ndiyo.

Mama Kidoti akakaa mbele ya kompyuta. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Akafuta "Mzazi." Akafuta "Watoto." Mahali pakabaki peupe, akapakodolea macho.

Mzazi ni rahisi, akajiambia. Kisanduku kimewekwa ndani ya ukurasa, basi andika: "Kimo ndani ya." Akaandika, akabofya picha ajaribu. Picha: kimo ndani ya kisanduku. Picha kimo? Akafuta. "Imo." Akabofya jedwali. Jedwali imo? Masikio yakamuuma.

"Kesho," akaita. "Paneli inaweza kujua ngeli?"

"Kujua nini?"

"Kwamba picha imo, kitufe kimo, jedwali limo."

Kesho alimtazama kama mtu aliyeombwa kubeba mlima. "Niiandikie programu ngeli zote? Mimi mwenyewe nilifeli ngeli." Akafikiri kidogo. "Kesho labda."

Akaachana naye. "Ndani ya," akaandika, basi, bila kitenzi. Ndani ya: Ukurasa. Ndani ya: Kisanduku. Picha, kitufe, jedwali, vyote vikaingia bila kugombana. Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Mama Viti aondoke.

Kisha mstari wa watoto. Kama wa juu ni "Ndani ya," wa chini uwe "Ndani yake." Ndani yake: picha, kitufe. Vizuri. Na kisanduku kikiwa kitupu? "Ndani yake: hamna kitu." Aliandika haraka, akakibofya kile kisanduku cha kijani kilichokuwa bado kina jina la yule mama, na kidole kikiwa juu ya kitufe cha kuhifadhi akasoma:

Mama Viti. Ndani yake: hamna kitu.

Aliondoa mkono kwenye kipanya kama aliyeshika pasi ya moto.

Afadhali hata lile la kwanza. La kwanza lilihesabu watoto tu. Hili lilichungulia tumboni. Akafuta. Akasimama, akazunguka kiti, akakaa. "Tupu." Hapana, Mungu wangu. "Patupu." Hapana. "Bado." Hili lilimvutia kwa muda, lilikuwa neno dogo, la matumaini, na yeye aliyapenda maneno yanayoacha mlango wazi. Kisha akakumbuka lilivyotumika kwake mwenyewe, mwaka wa kwanza wa ndoa, kila alipokwenda kwa mashangazi: "Vipi, bado?" na macho yanateremka kwenye tumbo. Mwaka mmoja tu, na alikuwa anajificha chooni. Yule mama ameulizwa miaka mingapi?

Akafuta "Bado."

Kila neno aliloliokota lilikuwa limeshapitia jikoni kwa watu. Limeshasemwa na wifi, limeshasemwa na jirani, lina alama za meno. Alikuwa amefundishwa kwamba mashine haina moyo, kwa hiyo maneno yake hayawezi kuuma. Lakini mashine haikuwa imetunga neno hata moja. Yote yalitoka vinywani mwa watu, na yeye ndiye aliyeyabeba mpaka hapo.

Saa ya kumchukua Kidoti ikawa inakaribia. Na kwa kuwa alikuwa amechoka na hana neno jingine, akauliza swali ambalo alipaswa kuliuliza tangu asubuhi: kwani ni lazima kusema?

Kisanduku kitupu, kila mtu anakiona ni kitupu. Kiko pale kwenye skrini, wazi kama sahani. Nani aliiomba paneli ikitangaze?

"Kesho!"

"Naam."

"Mstari wa 'Ndani yake' usionekane kabisa kama hakuna cha kuonyesha. Kikiwemo kitu uonekane. Kisipokuwemo unyamaze. Kibaki kile kitufe cha 'Ongeza' peke yake."

"Mstari unaotokea na kutoweka? Hapo nabadilisha paneli nzima, si neno tu." Akarudisha spika sikioni. "Kes..."

"Usilimalize hilo neno." Alikuwa ameshasimama mbele yake. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na hakuipandisha. "Kaka yangu, wewe una shangazi yeyote ambaye hakujaliwa?"

Kesho alizungusha kiti kidogo kulia, kidogo kushoto.

"Mama yangu mdogo," akasema.

"Akija hapa akajitengenezea ukurasa, unataka asome nini?"

Kesho alivua spika zote mbili, akaziweka mezani, akaanza kuandika. Aliandika kwa hasira kidogo, kama mtu anayempiga mbu. Alipomaliza alisema tu, "Leo. Na usimwambie mtu, nitaharibiwa jina."

*

Alimchukua Kidoti shuleni huku begi la kompyuta likimgonga nyonga. Hapo ndipo wasiwasi mpya ulipomkaba. Mumewe alikuwa kazini, jirani hakuwepo, hakuna wa kumwachia. Ampeleke mtoto kwa yule mama, leo hii? Si kutia chumvi kwenye kidonda? Alisimama njiani, akapiga hatua mbili kurudi, akapiga tatu kwenda.

"Mama, tunacheza?" Kidoti akauliza.

"Tunakwenda kazini. Na ukifika usalimie, kisha ukae kimya."

"Nikae kimya kama samaki?"

"Kama samaki."

Uwanja wa Mama Viti ulikuwa nyuma ya geti la mabati. Viti vya plastiki vilipandana kwa minara, vyeupe, vya bluu, vya kijani kilichofifia kwa jua. Nguzo za maturubai zimelazwa kando. Kijana mmoja anaosha meza kwa mpira wa maji. Mwenyewe alikuwa kwenye kibaraza, miwani kwenye ncha ya pua, akigombana na mtu kwenye simu kuhusu viti vilivyorudishwa na matope. Alipowaona alikata simu.

"Umenifuata mpaka nyumbani kwa viti?"

"Nimekufuata, mama."

"Na huyu?"

"Shikamoo," Kidoti akasema, kisha akafumba mdomo, akavimbisha mashavu kama samaki.

Mama Viti aliinama akamtazama. Mtoto alikuwa na alama nyeusi ndogo juu ya nyusi, iliyompa jina.

"Marahaba. Kwa nini unavimba?"

Kidoti akamtazama mama yake kuomba ruhusa. "Nimeambiwa niwe samaki."

"Na nani kakwambia samaki wa hapa wananyamaza? Hapa ni kelele tu. Nenda kapande viti, usiguse vile vya bluu, vina miguu mibovu." Akamgeukia mama, na tabasamu likabaki nusu. "Haya. Umekuja kunibembeleza?"

"Sikuja kubembeleza. Nimekuja unionyeshe kama pana pengine panapouma. Nimebadilisha, lakini sina macho yako. Ukiona neno jingine, niambie, nitalitoa. Ukikataa pia ni haki yako, nitaondoka."

"Na ukiondoka, itakuwaje?"

Mama Kidoti alitaka kusema uongo mdogo wa adabu, akashindwa. "Nitakosa kazi," akasema.

Mama Viti alivuta kiti kwa mguu, akakisukuma upande wake. "Kaa. Hiki ni kizima."

Kompyuta ikafunguliwa juu ya meza ya plastiki. Kisanduku cha kijani kilikuwa pale pale Mama Viti alipokiacha asubuhi. Alikibofya. Paneli ikafunguka, na Mama Kidoti akajikuta ameng'ata kucha.

Jina: Mama Viti. Rangi: kijani. Ndani ya: Ukurasa. Na chini yake kitufe: Ongeza.

Mama Viti alisoma mpaka chini. Akapanda juu, akasoma tena. Kijana alizima mpira wa maji, uwanja ukatulia.

"Hapa pana mstari umetoka."

"Nimeutoa."

"Kwa ajili yangu? Sitaki kuhurumiwa na kompyuta, mimi."

"Hapana, mama. Kwa kila mtu. Mstari usiokuwa na la kusema unyamaze."

Mama Viti alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda kwenye mabega. "Laiti ungewatengeneza wifi zangu," akasema. "Hivi hivi. Ukawabofya hapa," akadunga hewa kwa kidole, "ukawatoa mstari."

Mama Kidoti alicheka mpaka machozi yakamtoka, na hakujua yapi ni ya kucheka.

Kisha wakafanya kazi. Mama Viti aliongeza picha ya maturubai. Mstari wa "Ndani yake" ukajitokeza wenyewe ukisema picha imo, naye akauangalia, akaendelea. Alikwama kwenye upana, akakwamuka mwenyewe. Alikataa kushikwa mkono. Alilaumu neno moja, "pambizo," akasema hajawahi kulisikia toka azaliwe, Mama Kidoti akaliandika "nafasi pembeni" palepale. Alipofika kwenye kitufe cha mwisho, "Chapisha," alisita.

"Nikibonyeza, dunia nzima inaona?"

"Dunia nzima."

"Na jina langu?"

"Kama ulivyoliandika."

Akabonyeza kwa nguvu, kama anayepiga muhuri. Wakaufungua ukurasa kwenye simu yake, wakautuma kwa Mkuu, na kabla haujakaa vizuri wakaanza kubishana. Mama Viti alitaka kichwa cha ukurasa kiwe chekundu. Mama Kidoti alisema juu ya kijani hakitasomeka. Mama Viti akasema kwani viti vyake vimewahi kushindwa kuonekana. Vichwa vyao vikakutana juu ya skrini, kidole cha mmoja kikisukuma cha mwenzake kwenye kipanya.

Hakuna aliyesikia simu ikilia ndani ya begi. Kidoti ndiye aliyesikia. Alishuka kwenye mnara wa viti vyeupe, akaitoa, akaibonyeza alivyozoea kumbonyezea mama yake mikono ikiwa na sabuni.

"Haloo!" Ilikuwa sauti ya Mkuu, ya haraka, yenye furaha isiyoweza kujificha. "Nimeuona ukurasa! Nimewaonyesha na wengine hapa! Haloo? Nani huyu? Mama yuko wapi?"

Kidoti akageuka. Akawatazama wale wanawake wawili walioinamiana mezani, mmoja akipiga meza, mwingine akitikisa kichwa, wote wawili wakisema kwa pamoja. Akaikaza simu sikioni, akasema kwa sauti ili asikike:

"Mama yuko kazini."